Vyuo Viwili na Mtoto Mmoja

Aprili 9

Daftari hili amenipa dada Gulbara jana pale zahanati. "Usije ukaandika mambo ya mapenzi humo," akaniambia. "Andika maswali. Mtu haendi kuchagua chuo kama anayekwenda kutazama arusi." Dada Gulbara ni mkunga wetu, mwaka wa thelathini na moja huu, na magoti yameanza kumkataa. Hapa kijijini hakuna wa kushika nafasi yake. Anasema mimi nina mikono ya kazi ile. Sijui ameionaje. Mimi naiona imepasuka tu.

Leo maswali sina, nina baridi. Usiku theluji imeanguka juu ya maua ya aprikoti, na tangu alfajiri tunachoma majani chini ya miti ili moshi uyakinge. Mama mkwe upande wa juu wa shamba, mimi upande wa chini, Sezim mgongoni kwangu anakohoa. Hatukusemezana mpaka jua lilipotoka.

Aprili 10

Maua nusu yamepona. Nusu yamekuwa meusi kama chai iliyolala.

Aprili 14

Swali la kwanza: mwanafunzi anaanza lini kumgusa mgonjwa?

Nimeliweka la kwanza kwa sababu ya siku niliyomzaa Sezim. Nesi kijana wa hospitali ya wilaya alinichoma mara sita akitafuta mshipa. Mara ya sita akaanza kulia. "Nisamehe dada," akasema, "chuoni tulikuwa tunachora tu." Mimi mwenye uchungu ndiye niliyemshika mkono nikambembeleza. Sitaki kuwa yule msichana. Afadhali nibaki kupasua aprikoti maisha yangu yote.

La pili: chumba cha mazoezi kikoje? La tatu: mwenye mtoto analala wapi? La nne: waliomaliza wako wapi sasa? La tano ni la dada Gulbara: choo chao kikoje. "Chuo cha uuguzi chenye choo kichafu kinakufundisha uchafu miaka mitatu."

Aprili 19

Baba Sezim amepiga simu kutoka Urusi. Nyuma yake nyundo zinagonga. Nikamwambia habari ya chuo.

"Si kipo kile kipya cha wilayani? Karibu tu, unakwenda asubuhi unarudi jioni. Sezim atakaa na shemeji."

Shemeji anayemsema ni mama mkwe wangu, mama yake mzazi. Mume wangu ni kifungua mimba, na kwetu kifungua mimba hupewa babu na bibi wamlee awe wao. Akakua akimwita bibi yake Mama, na yule aliyemzaa akamwita kama baba zake wadogo walivyomwita: shemeji. Ana miaka ishirini na tisa, na bado anamwita hivyo. Nilipoolewa niliona ajabu kidogo, kisha nikazoea.

Sezim naye ni kifungua mimba. Atatimiza miaka miwili mwezi wa sita.

Aprili 27

Nimekwenda chuo cha wilayani. Ilikuwa siku waliyofungua milango kwa watu wote waje kuona. Nilivaa kitambaa changu cha bluu, maswali yote matano nimeyakunja mfukoni.

Mapambo, maputo, muziki. Meza ndefu ukumbini, mikate, zabibu kavu, pipi, wazazi wamekaa kwa umri wao kama karamuni. Mimi mkaza mwana, nikakaa mwisho kabisa karibu na mlango, palipo na birika. Mama mmoja mnene mwenye meno ya dhahabu akanitazama.

"Wewe ni mke wa nyumba ya nani, mwanangu? Haya mimina basi, koo zimekauka."

Nikamimina. Bakuli moja moja la chai, nusu nusu, maana kwetu ukimjazia mgeni umemfukuza, mkono wa kushoto kifuani. Likirudi tupu namimina tena. Mzee mmoja akasema, "Huyu hata bila chuo ni nesi." Wakacheka. Nikaona fahari! Birika likaisha nikaenda kuchemsha lingine. Bakuli zikawa chafu nikaziosha. Niliporudi ukumbi mtupu. Wote walikuwa wametembezwa madarasani, wameona chumba cha mazoezi, wamemuuliza mkuu wa chuo walichotaka, na sasa wanapiga picha uani. Mtu akanisukumia kitabu cha rangi mkononi nikatoka nacho.

Nimesafiri mwendo wa saa nzima kwenda kutazama chuo na nimerudi ninayajua mabirika yake.

Mama mkwe alikuwa anakanda unga. "Enhe, chuo kikoje?"

"Birika lao la pili linavuja."

Akanitazama, nikamweleza. Alicheka mpaka akaushika ubavu kwa mikono yenye unga, nami nikacheka. Nafikiri ni mara ya kwanza tumecheka pamoja tangu niingie nyumba hii. Kisha nilikwenda kumchukua Sezim nikalia kidogo, si sana.

Mei 3

Nilikuwa kwenye kamba ya nguo. Nikasikia "Mama! Mama!" nikageuka na mikono yangu yote miwili. Sezim alikuwa anamwita yule mwingine, mama mkwe.

Mei 4

Kupalilia.

Mei 14, Jumanne

Dada Gulbara alinisema sana. "Chuo hakitazamwi siku ya maputo. Nenda Jumanne ambayo hakuna anayekungoja."

Leo nimekwenda. Hakuna muziki. Wasichana watatu kwenye ngazi wanatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda.

"Wadogo zangu, sindano mnaanza kuchoma lini?"

"Mwaka wa tatu, Mungu akipenda."

"Mnamchoma nani?"

"Daftari!" Wakaangua kicheko. Mmoja akanikazia macho. "Ngoja. Wewe si ndiye dada wa chai? Ile siku! Dada wa chai huyu!"

Nikasema ndiye mimi. Kwa nini nikatae?

Chumba cha mazoezi kilikuwa na kufuli. Ufunguo anao mama anayefagia. Akanifungulia, maana tulikuwa tumeshazungumza habari za mgongo wake. Vitanda vinne vyenye shuka bila hata kunjo moja. Juu ya kitanda cha mwisho mwanasesere mkubwa wa kujifunzia kuzalisha, bado yumo kwenye plastiki yake ya kiwandani, vumbi juu yake. Nikaandika jina langu kwenye lile vumbi kwa kidole, kisha nikalifuta.

"Siku za wageni humvua plastiki?"

"Humvua," mama akasema. "Baadaye mimi humvika tena. Ni wa bei, wanasema asiharibike."

Nilikwenda na chooni. Dada Gulbara ana akili.

Mei 20

Mama mkwe anasema chuo ni chuo. Nikamweleza habari ya mwanasesere. "Kwani mwanasesere amekufa? Hajafa. Watu wanapona kwa Mungu. Wewe chukua karatasi yako urudi, mtoto yupo na mimi."

"Mama, ukiwa na uchungu utataka uzalishwe na karatasi?"

"Mimi nimeshazaa watano, sasa niogope nini?"

Hao watano wote wako Urusi.

Juni 2

Aprikoti za kwanza. Sezim amefikisha miaka miwili. Mama mkwe amechinja kuku, amemfunga mtoto uzi mwekundu mkononi na kuwaambia majirani, "Huyu ndiye atakayenizika." Majirani wakanipongeza.

Juni 6

Kuchuma, kupasua, kutoa kokwa, kupanga kwenye vichanja. Vidole vyangu vyeusi mpaka kucha.

Juni 7

Vilevile.

Juni 11, Jumanne

Naandika nikiwa mjini Osh, kilipo chuo cha pili, kwa shangazi wa dada Gulbara. Nimekuja kwenye kiti cha mbele cha lori la aprikoti la jirani, mwendo wa saa tano. Sezim nimemwacha. Ni mara ya kwanza kulala mbali naye na titi linajua, ingawa nilimwachisha ziwa tangu majira ya baridi.

Chuo ni jengo la zamani, rangi inabanduka, lifti imekufa. Hakuna aliyenikaribisha. Mlinzi akauliza, "Unamtafuta nani?" Nikasema namtafuta mtu wa kuuliza maswali. Akanielekeza ghorofa ya pili. "Mwalimu Zamira. Jifunge mkanda."

Mwalimu Zamira ni mwembamba, sauti kama msumeno. Alikuwa na wanafunzi kumi chumbani, na mwanasesere wao amechakaa, bega limeshonwa kwa uzi wa viatu. Pembeni kulikuwa na meza yenye birika. Niliona mkono wangu unakwenda. Wallahi ulikwenda wenyewe! Nikauficha mfukoni nikashika karatasi.

"Unataka nini?"

"Nataka kujua kama chuo chenu kinanifaa."

Mwalimu Zamira akavua miwani.

"Watu huja hapa kuuliza kama wao wanatufaa sisi. Haya, uliza."

Nikauliza yote matano, hata la choo. Mgonjwa wanamgusa mwezi wa tatu wa mwaka wa kwanza, hospitalini, mwalimu akiwa begani. Waliomaliza, akanitajia kwa majina na vijiji, mmoja mmoja, na mmoja, akasema, ameacha kazi kwa sababu ya moyo dhaifu, na mmoja amekwenda kufagia Moscow. Hakupamba maneno. Kisha akanitupia kitambaa. "Mfunge mtoto." Nikamfunga mwanasesere yule wa bega bovu kama nilivyomfunga Sezim alipokuwa mchanga. Akamshika, akamtikisa kwa nguvu, akamtazama.

"Shingo umeisahau," akasema. "Mengine sawa. Nani alikufundisha?"

"Wangu mwenyewe."

Lakini swali la tatu lilinishinda. Bweni halipokei watoto. "Mlango wa bweni si mimi ninayeufungua," akasema mwalimu Zamira. "Wengi huwaacha kwa bibi zao."

Niliposhuka ngazi msichana mmoja akanikimbilia. Mwuzbeki wa hapahapa Osh, jina lake Dilfuza, mwaka wa kwanza anaumaliza sasa. "Dada, nilikusikia. Mimi nina kijana wa miaka mitatu na chumba ninachopanga mtaani kina kitanda kimoja cha ziada. Mwaka wa kwanza wanasoma asubuhi, wa pili mchana. Unaelewa ninachosema?"

"Sijaelewa."

"Asubuhi nawaangalia watoto wote wawili, mchana unawaangalia wewe. Ila wangu anauma watu, nakwambia mapema."

Tukaenda kukiona chumba. Kidogo, kina dirisha linalotazama ukuta. Mtoto aliniuma.

Juni 12

Nimerudi. Godoro la Sezim halipo chumbani kwangu. Liko kwa mama mkwe, limetandikwa, mto umewekwa, na viatu vyake vidogo vimepangwa kando ya viatu vya bibi yake.

"Alikuwa analia," akasema. "Usimsumbue sasa, ameshazoea."

Usiku mmoja! Nilisimama mlangoni kama mgeni. Nikaona nikilinyanyua lile godoro ataamka na kumlilia yeye mbele yangu. Nikaliacha. Nimeandika hili ili nikumbuke kwamba niliogopa.

Juni 13

Kupasua aprikoti.

Juni 15

Kupasua aprikoti. Mama mkwe anaimba. Nachukia anavyoimba.

Juni 17

Namwona ni mwizi. Nimeliandika. Mwizi mwenye mikono laini, anayekuibia huku akikuwekea supu.

Juni 23, Jumapili

Leo nitaandika mengi.

Vichanja vyote vilikuwa nje, aprikoti zimefika siku ya tano ya kukauka, zimebakiza mbili. Mchana upepo wa vumbi ukaanza kutoka bondeni, kisha tukaona mlima umetoweka. "Mvua!" mama mkwe akapiga kelele. "Mama Sezim, mvua!" Hapo nikaona kwamba anajua nani ni mama wa nani, akiwa na haraka.

Tulikimbia. Kila kichanja tunashika yeye mwisho huu mimi mwisho ule, mpaka kwenye banda tunamozifukiza kwa moshi wa salfa zisioze, turudi. Sezim tulimkalisha ndani ya ndoo kubwa ya mabati bandani, akaona raha. Vichanja arobaini na viwili. Tuliokoa thelathini. Ikashuka mvua ya mawe, na kumi na viwili vilivyobaki tulivitazama kutoka mlangoni vikigeuka uji.

Tukakaa chini juu ya magunia, maji yanatutiririka. Sezim akatoka kwenye ndoo, akatutazama wote wawili, akaenda kukaa mapajani kwake. Mama mkwe akamkumbatia. Kisha akaniona uso. Sijui uso wangu ulikuwaje.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Unafikiri mimi sijui?"

Nikakamua kitambaa changu cha kichwa.

"Mumeo alichukuliwa siku ya arobaini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mama mkwe wangu alikuwa chumba kile unacholala wewe, na mimi chumba cha pili, ukuta wa udongo katikati. Akilia nasikia. Maziwa yananimwagika mpaka kwenye magoti. Ananyonyeshwa kwa wito: 'Njoo mnyonyeshe.' Nikimaliza: 'Haya, rudi kazini.' Siku moja nilimbusu, nikaambiwa sina haya, nabusu mtoto wa wakwe zangu mbele yao."

"Ukafanyaje, Mama?"

"Ningefanyaje? Nikazoea."

"Ulizoea kweli?"

Mawe yalikuwa yanapiga paa.

"Ananiita shemeji," akasema. "Mtu mzima mwenye ndevu. Akipiga simu anauliza, 'Shemeji, hujambo?'"

"Basi Mama, kama unajua linavyouma, kwa nini unanifanyia?"

Akanitazama kama nimeuliza kwa nini maji yanashuka chini.

"Kwa sababu sasa ni zamu yangu. Nimengoja miaka ishirini na tisa, mwanangu. Wale wanne waliofuata niliwalea na ndoo za maji mkononi, sikuwaona. Huyu ndiye ninayemwona."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mwaka mzima. Tulikaa mpaka mvua ikapita. Kisha tukatoka kukomba aprikoti zilizoharibika, tuwape kuku.

Juni 24

Jua kali, kana kwamba hakuna lililotokea.

Juni 30

Nimekuwa nikifikiri. Yeye si mwizi. Alinyang'anywa, na sasa anamnyang'anya anayepita nyuma yake, ndiye mimi. Lakini kama nami nitangoja zamu yangu, nitakuja kumfanyia hivi mkaza mwana ambaye leo hajazaliwa. Hapana.

Julai 3

Baba Sezim kapiga. Nikamweleza bandani tulizungumza nini. Nyuma yake nyundo zinagonga.

"Ilimuuma? Shemeji?"

"Muulize mwenyewe."

"Nitamuulizaje?"

"Sijui. Lakini mimi napeleka karatasi za maombi Osh, na Sezim nakwenda naye."

"Watu watasema."

"Watasema. Wewe uko mbali, hutawasikia."

Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana.

Julai 8

Nimemwambia leo asubuhi, tukipakia aprikoti kavu kwenye magunia. Nilimwambia nikiwa nimesimama, nikampa heshima yake yote.

"Mama, nimetazama vyuo viwili. Cha karibu kitanipa karatasi. Cha mbali kitanipa kazi. Nachagua cha mbali."

"Nenda basi. Nani amekushika?"

"Na Sezim nakwenda naye."

Mikono yake ikasimama ndani ya gunia.

"Mpaka theluji ya kwanza tu. Niachie mpaka theluji ya kwanza, umalize kuzoea mji."

"Mama, godoro lilihama usiku mmoja."

"Utamweka kwenye chumba cha nani? Kwa mtoto anayeng'ata?" Nilikuwa nimemwambia mwenyewe, kwa ujinga wangu.

"Kwenye chumba changu. Atakuwa mjukuu wako. Atakuja kila likizo, atakwambia Bibi. Mimi ndiye atakayemwita Mama."

"Umekuwa na ulimi tangu ulipoanza kuandika daftari," akasema. Akafunga gunia kwa mafundo matatu, akaingia ndani. Mchana hakutoka kula.

Jioni nimelirudisha godoro. Sezim alilia sana. Nilimshikilia mpaka akachoka.

Julai 16

Karatasi nimepeleka Osh. Mwalimu Zamira alikuwepo mapokezini. "Ah, mwenye maswali," akasema.

Julai 17 mpaka 29

Hatusemezani ila kwa mambo ya jiko. Hata chai ananipokea macho yakiwa chini. Dada Gulbara anasema vumilia. Kijiji kimegawanyika; wanawake wazee wote hawaitikii salamu yangu, na vijana wawili wakaza mwana walinishika mkono kisimani bila kusema neno.

Agosti 9

Nimekubaliwa.

Agosti 27

Tumeondoka leo. Mama mkwe hakutoka tulipokuwa tunapakia. Lori lilikuwa limeshawashwa ndipo akaja na mkate wa duara, wa moto, ameuoka alfajiri. Kwetu anayesafiri huuma mkate, na uliobaki hutunzwa ukutani mpaka arudi. Akampa Sezim, Sezim akauma na meno yake machache. Nikainama niume na mimi. Akawa ameshaufunika kwa kitambaa.

Sikumlaumu. Njia nzima nilikuwa na kinywa kikavu.

Agosti 29

Sezim anasimama dirishani, anatazama ukuta, anaita "Mama." Namwambia niko hapa. Ananitazama, kisha anaugeukia ukuta tena.

Agosti 31

Leo mchana simu imelia. Mama mkwe hajawahi kunipigia mimi. Hupiga kwa mwanawe.

"Amekula?"

"Amekula, Mama. Supu ya viazi."

"Nyama?"

"Kidogo."

"Analala?"

"Amelala sasa, na yule wa Dilfuza. Hajamng'ata leo."

Nilisikia kuku wetu nyuma yake. Nilikuwa nangoja anitukane, au aseme atakuja kumchukua, na nilikuwa nimeshika jibu langu tayari. Hakusema. Wala hakukata.

"Na wewe?" akauliza.

"Mimi nini, Mama?"

"Umekula?"

Nikamwambia ukweli, kwamba bado.

"Basi kula. Nasubiri."

Mezani palikuwa na mkate wa jana na chumvi. Niliiweka simu kando ya bakuli, nikaumega mkate, nikala taratibu, naye upande wa pili akisikiliza mpaka nikamaliza.